Huzuni Nisiyoijua Sababu

Saa mbili na robo asubuhi, mwanangu, ndipo mke wangu Asha alipolifunga furushi lake. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa kitandani nikiitazama saa ya ukutani, kama nilivyoitazama asubuhi nyingi za msimu ule. Tulikuwa Madungu, miaka michache kabla ya Mapinduzi, na ndoa yetu haijatimiza mwaka.

"Kama hunitaki, nambie nirudi kwetu Gando."

"Nakutaka. Sijui tu nina nini."

"Wewe hujui! Basi nimuulize nani?"

Alikuwa na haki. Sikuwa na homa, sikufiwa, na mikarafuu ilizaa vizuri. Jirani mmoja alisema nina shetani, mwengine akasema ni siasa. Nami nilikuwa nangoja niijue sababu kwanza, ndipo niinuke.

Shangazi yangu, Bi Mize, aliingia akamwomba Asha asubiri hadi alasiri. Kisha akanivuta mkono.

"Ondoka ukaoge. Huzuni yako utaikuta hapahapa, haina pa kwenda."

Nikaoga kwa hasira. Akanipa chai na muhogo, akanipeleka barazani kwake, ambako wanawake walikuwa wakichambua karafuu za jana, wakizitenga na makonyo, vile vijiti vyake.

"Bwana harusi kafufuka!" mmoja akasema. "Kakuosha nani?"

Wakacheka, na mimi, sijui vipi, nikacheka. Vidole vilipata kazi, kichwa kikapumzika kidogo.

Alasiri nilimkuta Asha mlangoni na furushi lake. Nikamwambia, "Bado sijui. Lakini nimeoga, nimekula, nimefanya kazi. Kesho nitafanya tena."

Aliliingiza furushi ndani bila kulifungua.

Baadaye nilijaribu kuacha kimoja kimoja nijue kipi ndicho dawa: siku moja sikuoga, siku nyengine nikala peke yangu. Nilizidi kuchanganyikiwa, maana kila nilichokiacha kilinirudisha chini. Mpaka leo sijui. Najua tu kwamba Asha alilifungua furushi lake kabla sijapata jibu.

Basi mwanangu, ukiamka na moyo mzito, usingoje kuuelewa. Tandika kitanda, oga, kula na mtu, toka jua likupige, shika kazi ya mikono karibu na watu wanaozungumza. Na mwenzako mwambie, hata kama huna la kumwambia ila kwamba hujui.

Mwenyezi Mungu aukunjue moyo wako, na akujaalie nyumba isiyokosa sauti za watu.