Zahanati ya Moa

Wiki iliyopita nilikuwa bomani nikingoja leseni ya baiskeli, wakaingia akina mama kumi na wawili wa chama cha ngoma ya lelemama cha kijiji cha Moa. Wote walivaa kanga za namna moja, kama ilivyo desturi yetu watu wenye neno moja wanapokwenda kulisema. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa ameviita vyama vya wilaya vitoe maoni juu ya mpango wa maendeleo mbele ya wageni wa serikali.

"Shikamoo, mama," karani alimwamkia kiongozi wao.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja mkutanoni. Twataka zahanati. Mwezi huu tumezika wazazi wawili, wote wamefia njiani wakiletwa mjini kujifungua."

Karani alizitazama zile kanga, akatabasamu. "Ngoma ni uani, mama. Wageni wakimaliza mkutano ndipo mtawachezea."

"Hatukuja kucheza. Hata ngoma hatukubeba."

"Msihofu, ngoma tumewaazimia."

Simlaumu karani. Katika orodha yake, chama chao kiliandikwa chini ya neno burudani, naye hakuiandika orodha hiyo. Walioiandika huamini kwamba kumsimamisha mtu uani ni sawa na kumpa kiti ndani.

Wageni walipotoka kuja uani, mpango ulikuwa umekwisha kupitishwa. Akina mama walitazamana, kisha wakajipanga. Kiongozi akatunga wimbo papo hapo, akawataja marehemu wale wawili kwa majina, na safari zao, na watoto waliokufa nao.

Wageni walipiga makofi, wakaomba urudiwe.