Kikohozi cha Ubeti wa Pili

Chiriku alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini kuhesabu mapigo ya muziki hakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe alikuwa kaka yake, basi. Watu wengine wote walimjua kwa mambo mawili: kuwa dobi anayenyoosha kola kuliko wote mtaani, na kuwa nusu ya wale ndugu wawili walioimba “Uko Macho?”

Wimbo ule ulizaliwa kwa taabu. Ilipangwa kaka aimbe ubeti wa kwanza peke yake, kisha vyombo vipige kidogo, halafu dada aingie na swali, “Uko macho?”, naye kaka ajibu. Jambo dogo hilo, lakini Chiriku aliwahi, akachelewa, akawahi tena, mpaka mwenye studio akaanza kukunja nyaya zake. Kaka akamwinamia sikioni: “Nikikohoa, ingia.” Akakohoa. Dada akaingia sawasawa, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mwenye studio, ambaye tumbo lilikuwa linamnguruma tangu asubuhi, akasema huo huo unatosha, apelekewe mtangazaji wa redio.

Na watu, kwa mambo ya watu, wakakipenda kikohozi kuliko wimbo. Vijana walikohoa chini ya madirisha ya wachumba. Wapo walioapa kwamba mwimbaji ana kifua kibovu na hamalizi mwaka. Ndugu wawili wakacheka, wakanyamaza. Tangu hapo, jukwaa lolote walilopanda, kaka alikohoa na dada akaingia, miaka nenda rudi, mpaka kaka alipofariki. Chiriku akarudi kwenye pasi zake, hakuimba tena.

Sasa redio iliyowatoa ilikuwa na sherehe yake, ikamwomba aimbe na sauti ya marehemu kutoka kwenye kanda. Alikubali kwa sababu moja tu: kikohozi kimo ndani ya kanda.

Siku yenyewe ilipofika alilinyoosha gauni lake, akalivaa, akalivua, akalinyoosha tena. Nyuma ya jukwaa alisimama na glasi ya maji asiyoyanywa, akimsikiliza fundi mitambo akiujaribu wimbo. Sauti ya kaka ilitoka safi, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Vyombo vikaingia. Chiriku akangoja. Vyombo vikapita, na kikohozi hakikuja.

Akamwendea fundi, akauliza kulikoni.

“Nimekitoa, mama,” fundi akasema, uso umemchanua. “Kilikuwa kinaharibu kazi nzuri.”

Kinaweza kurudishwa? Haiwezekani kwa sasa, kanda ya zamani imebaki ofisini, na mshereheshaji ameshaanza kuwasalimu watu. Fundi akataka kujua tatizo ni nini. Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Mtu mzima, mwenye jina mjini, aanze kusema hajui jambo ambalo watoto wanalijua. Lakini mficha uchi hazai.

“Sijui kuhesabu, baba. Kaka ndiye alikuwa ananikoholea niingie.”

Fundi akacheka, akidhani mama anatania. Kisha akaona mama mwenyewe hacheki. Akasema atasimama kando ya pazia, wakati ukifika atanyoosha mkono. Amtazame yeye tu, asiangalie kwingine.

Chiriku akaitwa, akapanda. Taa zikampiga usoni na pazia likapotea, fundi akapotea na mkono wake. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto, hakuona kitu. Kaka akaimba ubeti wake, ukumbi mzima ukiimba naye. Vyombo vikaanza, na watu, waliokuwa wakikijua kikohozi kama wanavyojua majina yao, wakajikoholea wenyewe: mmoja huku, watatu kule, kisha safu nzima, kisha mzee mmoja aliyechelewa. Kipi kilikuwa chake cha kuingilia? Akafumbua mdomo, akaufumba. Aliwaza kwamba amemwaibisha marehemu mbele ya watu wote hawa. Nafasi ya swali ikafika, ikapita tupu, na ukumbi ukanyamaza, maana kila mtu alijua pale panakaa nini.

Ndipo kaka akajibu, kwa wakati wake, kama siku zote.

“Niko macho, nakusikiliza.”

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Chiriku akageuka kutazama nyuma yake, kijinga, huku watu wanamwona. Hapakuwa na mtu. Machozi yakamtoka, akaleta kipaza sauti mdomoni, akauliza, “Uko macho?” Aliuliza akiwa amechelewa, juu ya sauti ya kaka yake, vyombo vikienda huku naye kule, na akaendelea kuuliza hata wimbo ulipokwisha.