Majibu Niliyosahihishia Mtihani wa Novemba

Nakiri mwenyewe, kabla hamjasikia kwa wengine. Nafundisha Kiingereza darasa la tano, kijiji cha Malindi, huku milimani Lushoto. Tangu shule za watu binafsi zifunguliwe, wazazi wanatubana, kwa hiyo tunawapima watoto Januari na Novemba ili mkaguzi aone maendeleo yao.

Novemba hii walianguka karibu wote. Niliwagombeza wiki nzima kwamba wanajua kulima kabichi za wazazi wao tu.

Mkaguzi, mama mpole, alipitia karatasi zao, akauliza, “Mwalimu, ulisahihisha kwa majibu yapi?”

Nikampa.

“Haya ni ya mtihani wa Januari.”

Nikasahihisha upya mbele yake, jasho likinitoka. Karibu wote walikuwa wamefaulu. Nilishusha pumzi hadi nikacheka.

“Sasa twende darasani,” akasema, “ukawaambie mwenyewe.”