Inayokwaruza ni ya Mama

Mwalimu wa kwaya alisimama nyuma ya kiti changu akanyooshea spika kidole. "Hiyo sauti inayokwaruza ndiyo inatuharibia wimbo. Inyooshe. Isiponyooka, itoe."

Hiyo inayokwaruza ni mama yangu. Alikuwa nje kwenye benchi na wenzake wa sauti ya pili. Walishuka kutoka kijijini Vudee, huko milimani, asubuhi hiyo kuja kurekodi kwenye chumba nilichopanga kiwe studio hapa Same mjini. Tangu apasuliwe tezi ya shingo, sauti yake inatoka kama jembe linaloburutwa juu ya kokoto.

Nilikasirika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwalimu alikuwa amempata mtu hasa wa kumwomba hivyo. Mimi ndiye ninayefuta pumzi za waimbaji zinazosikika kwenye rekodi, moja baada ya nyingine. Kazi hii nilijifunza mwenyewe kwenye simu, sina cheti, na kila kosa dogo hunikosesha raha wiki nzima.

Nikaizima sauti ya mama kwenye kompyuta, kujaribu tu. Wimbo ukawa laini kama mafuta ya kujipaka. Lakini wale wanawake wengine wote wakawa wanaingia kwa kusitasita, kama watu wanaongoja mwenye nyumba afungue mlango.

"Unasikia, mwalimu? Walikuwa wanamfuata yeye."

"Basi wasogeze. Si una kompyuta?"

Ningeweza kuzisogeza sauti zao mbele kidogo, ziingie kwa wakati. Ni kazi ya nusu saa, na asingegundua mtu yeyote. Hilo ndilo lililonipandisha hasira kabisa.

Mama akachungulia mlangoni. "Mnanisema mimi? Mwanangu, nitoe tu. Usigombane na mwalimu kwa ajili ya koo la kizee."

"We!" mwenzake mmoja akadakia kutoka benchi. "Akutoe wewe, halafu sisi tuingilie wapi? Dirishani?"

Wakacheka huko nje. Mimi sikucheka. Mama yangu alipasuliwa shingo, akapona, akarudi kuimba, halafu mtu anataka sauti ambayo haijawahi kupatwa na lolote.

"Mwalimu, nakuheshimu," nikasema, "lakini mama hatoki. Ukitaka laini, tafuta studio nyingine, na uanze upya."

"Kwa sababu ni mama yako."

"Ndiyo. Na kwa sababu anaimba kuliko wote."

Akachukua koti lake akatoka bila kuaga. Nikamrudisha mama kwenye wimbo, nikaipandisha sauti yake kidogo kuliko inavyotakiwa. Pumzi zake sikuzigusa hata moja.