Mwanamke wa Ukutani

Harufu ya uji wa ngano uliopakwa ukutani huanza tamu, kisha huchacha, na baada ya siku chache hubaki harufu ya moshi tu. Karibu na Tosamaganga, nilikolelewa na bibi yangu, kila baridi ilipokaribia tulibandika karatasi kwa uji huo ili upepo usipenye kwenye nyufa. Mwaka ule magazeti yalikuwa haba, na masista wa misheni wakampa bibi kitabu kikuukuu cha Kizungu kilicholiwa na mchwa. Akakichana. Ukurasa mmoja ukabandikwa ukutani, juu ya kitanda chetu: mwanamke aliyechorwa kwa mistari myeusi, myembamba, iliyosongamana, vidole vyake vikichipua majani, gome la mti likimpanda kiunoni, mdomo wazi.

Nilimwogopa, lakini macho yangu hayakubanduka kwake. Nilitaka kujua kama anaumia, kama bado anasikia, na kama majani yale yangepukutika kiangazi. Moshi wa jikoni ulizidi kumtia weusi. Ndipo nikaona bibi hawezi tena kupukuchua mahindi. Vidole vyake vilivimba kwenye viungo, vikapinda, vikakataa kunyooka. Kwangu jambo likawa wazi: bibi naye ameanza kugeuka mti. Wazazi wangu walikuwa Mbeya na pale sikuwa na mtu mwingine, kwa hiyo nikaamua kumlinda. Kila alfajiri nilifunua blanketi nikague nyayo zake, na ile mipasuko ya visigino ilinitia wasiwasi kwelikweli.

Asubuhi moja aliamka akanikuta nimemshika kisigino. Nikamweleza yote huku nalia. Hakucheka. Alisogea ukutani akaitazama ile picha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Huyu hageuki mti, mjukuu wangu," akasema. "Huyu ni mti, ndiyo anakuwa mtu. Si unaona miguu bado iko kwenye udongo? Na mimi nitaondoka mtu hivihivi."

Nilimwamini. Na kweli aliondoka mtu, miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshika mikono ile isiyonyooka.

Sasa naishi Ipogolo, kwenye nyumba yenye kuta za rangi, na vidole vyangu vimeanza kupinda. Binti yangu aliniuliza kwa nini. Nikamtajia jina la ugonjwa kama daktari alivyoniambia, akalitafuta kwenye simu, akaridhika. Nafurahi kwamba haogopi. Ila namwonea wivu bibi, aliyetazamwa msimu mzima wa baridi na mtoto aliyeogopa kumpoteza.