Koti la Atosha

Kila jioni, kwa miaka tisa, Atosha alichomoa uzi kwenye cherehani, akatia mkasi na futi yake mkobani, akafunga zipu kama mtu asiyerudi kesho. Alikuwa mkimbizi kutoka Fizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiishi Dar kwa kibali cha matibabu ya mwanawe, akingoja kuhamishiwa Kanada. Huenda wangeitwa wakati wowote, kwa hiyo hakupokea kazi isiyoisha siku hiyohiyo. Foronya, viraka, magauni mepesi.

Nilimfahamu kwenye mafunzo ya ufundi ya wakimbizi, ghorofani Mtaa wa Msimbazi, nikiandika mahudhurio. Mtihani wa mwisho ulikuwa koti zito lenye bitana, kazi ya wiki tatu. Aliliogopa, lakini cheti alikitaka.

"Sitaki nikafike kule nianze kuhurumiwa upya," aliniambia.

Zile wiki nazikumbuka kama usingizi wa mchana. Joto la Februari, kelele za Kariakoo zikipanda dirishani kama redio ya jirani, na yeye amepakata sufu nyeusi ya nchi asiyoijua. Mara nyingine aliacha kushona, akaegemeza shavu juu yake.

Ulipobaki mkono mmoja, simu ikaja: safari Alhamisi. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata.

Mwalimu wao, Mzee Mbaruk, mwembamba kama Atosha mwenyewe, alikubali kulikagua mapema. Jumatano mchana, mkono wa mwisho ukiwa umeshapachikwa, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akashuka nalo barabarani, juani.

"Mzee, hiyo baridi umeshusha kontena zima?" wauza mashati wakamtania.

"Niacheni! Niko Kanada mimi!"

Alirudi ametota jasho. Atosha alikuwa amesimama akimngoja.

"Bega la kushoto linavuta, binti. Sisaini."

Atosha alivuta kiti. Akakaa, akaufumua mkono mzima, akaupachika upya taratibu mpaka adhana ya alasiri. Mzee akalitazama koti, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi. Akasaini.

Kesho yake nilikwenda kuwaaga. Mwanawe alikwishaingia kwenye gari la kuelekea uwanja wa ndege. Atosha alisimama mlangoni pa gari, koti mwilini, jua likiwaka.

"Amesaini bila kulivaa tena," alisema. "Dada, hebu shika hapa begani. Linavuta?"