Kodi Aliyoiogopa Mama Pasi

Mama Pasi hakuwa mtu wa kutishwa ovyo. Miaka nenda miaka rudi alipiga pasi mashuka ya hoteli katika chumba cha chini kilichojaa mvuke, na meneja mwenyewe alibisha hodi kabla ya kuingia humo. Lakini kodi? Ukitaja kodi tu, mama wa watu alinywea.

Aliyemtia hofu hiyo ni shemeji yake, mjuaji wa kila kitu, kuanzia dawa ya kikohozi hadi siasa za nchi za watu. Mama Pasi alikuwa na akiba ya uzeeni, aliyoichangia mwenyewe kutoka kwenye mshahara. Mumewe, fundi saa, alipopata mtoto wa jicho macho yote mawili, Mama Pasi akataka kuitoa ili amtibishe.

"Thubutu," shemeji akamwambia. "Ukiigusa kabla hujastaafu, kodi inakula yote. Utaambulia nauli ya kurudi nyumbani."

Basi akaufyata. Mumewe naye, maskini, akajikaza kisabuni. Alianza kwa kuangusha skurubu, kisha akawa anafanya kazi kwa kupapasa, mwisho akafunga kibanda.

"Katika watoto wangu wote," alikuwa akitania, "huyu wa jicho ndiye asiyenidai ada."

Mama Pasi alicheka, halafu akaenda kulia jikoni. Miaka miwili ikakatika hivyo. Inauma hata kuisimulia, maana ofisi ya mfuko wa akiba ilikuwa mtaa wa pili tu.

Siku aliyomkuta mumewe akimimina chai ya moto pembeni ya kikombe, hakumwuliza shemeji wala nani. Alikwenda ofisini na sare yake ya kazi. Dada wa kaunta akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, humu mna vitu viwili," akasema. "Michango yako ilishakatwa kodi huko huko kwenye mshahara, kabla haijafika kwetu. Ukiitoa hiyo, hudaiwi hata senti. Kodi, na faini ya kuwahi kutoa, viko kwenye kitu cha pili, faida iliyozaliwa na michango hiyo. Na faida si lazima uiguse."

"Michango peke yake inatosha matibabu?"

Dada akatazama kompyuta. "Inatosha, na chenji inabaki."

Mama Pasi akauliza, "Ningeweza kuichukua tangu mwaka juzi?"

"Siku yoyote, mama."

Hasira zikampanda, asijue azipeleke kwa shemeji au kwake mwenyewe. Akatia sahihi.

Upasuaji ulikwenda salama. Muuguzi alipobandua bandeji ya jicho la kwanza, fundi saa alipepesa, akamtazama mkewe huku akitabasamu. Kisha tabasamu likapungua. Akanyoosha mkono, akamgusa kichwani.

"Mke wangu, mvi zote hizi zimeota lini?"

"Miaka hii miwili, mume wangu," akasema. "Nilipokuwa naogopa kodi."